Mwanafunzi Akirudi Nyumbani, Nani Anamngoja?



Nimeombwa nizungumzie hapa Kendu Bay namna shule zetu za upili za Kikatoliki zinavyowaandaa vijana kwa utume na huduma. Nina jambo moja la kusema. Tunawaandaa vijana hawa kuhudumu ndani ya ua wa shule, tena tunawaandaa vizuri, kisha siku ya kufunga tunawafungulia lango bila kuwakabidhi kwa mtu yeyote. Binti aliyesimamia liturujia ya shule nzima anafika kwao Karachuonyo, anaingia kanisani kigangoni, anakaa nyuma, na hakuna anayejua kwamba anaweza lolote. Likizo inapita, na nyingine inapita. Anapomaliza mtihani wa mwisho anarudi nyumbani moja kwa moja, na kufikia Pasaka hayupo tena kanisani. Halafu katika vikao vyetu tunaulizana vijana wamepotelea wapi, ilhali wengi wao hawakuwahi kupokelewa.

Nitangulize sifa, kwa maana zinastahili. Aliyewahi kusali Misa ya Jumapili katika shule zetu, iwe Asumbi, Rapogi au hapa jirani Mawego, anajua kwamba kazi inafanyika. Wanafunzi ndio wasomaji, ndio watumishi wa altare, ndio wanakwaya, ndio wanaopanga viti na kufagia kanisa Jumamosi jioni. Kipindi cha PPI, yaani mafundisho ya kichungaji, kipo kwenye ratiba. Kuna Wanafunzi Vijana Wakristo, YCS, na viongozi wao huchaguliwa kwa kura. Mwanafunzi wa miaka kumi na sita anasimama mbele ya wenzake mia kadhaa na kusoma Waraka kwa Warumi bila kutetemeka. Hayo si madogo. Wengi wetu tuliomo humu ndani tulijifunza kusimama mbele ya watu katika kanisa la shule.

Lakini tujiulize hiyo YCS ilitoka wapi. Mzizi wake ni padri mmoja wa Ubelgiji, Joseph Cardijn, mtoto wa familia ya wafanyakazi. Aliporudi nyumbani kutoka seminari aliwakuta wenzake wa utotoni wamekwisha kuingia viwandani, nao wakamwona kama mtu aliyekwenda upande wa matajiri. Jeraha hilo alilibeba maisha yake yote. Mwaka 1925 alianzisha chama cha vijana wafanyakazi Wakristo, na kutokana na njia yake vikazaliwa vyama vya wanafunzi. Njia yenyewe mnaijua: kuona, kuamua, kutenda. Papa Yohane wa 23 aliipitisha katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961, na mwaka 1965 Cardijn akafanywa kardinali akiwa mzee wa miaka themanini na ushee.

Cardijn hakuwaita vijana watoke kiwandani ili aje awafunze utume mahali pengine patulivu. Aliwatuma waangalie kiwanda kilekile walichofanyia kazi: mshahara, masaa, msichana anayesumbuliwa na msimamizi. Waone hapo, waamue hapo, watende hapo, kisha warudi kikundini waeleze kilichotokea. Sisi tumeichukua njia hiyo tukaiweka ukutani. YCS katika shule nyingi imekuwa kikundi cha kuandaa nyimbo na kusafiri kwenda makongamano. Kongamano ni zuri, mimi nalipenda, na kijana anapata marafiki wa maisha. Ila ukimuuliza aliona nini kijijini kwao likizo iliyopita, na akaamua nini, anakutazama kama umemuuliza swali la somo asilolisoma.

Sasa niwapeleke kaskazini mwa Uganda, kwa ndugu zetu Waacholi, ambao lugha yao Mluo akiisikia hukosi kumwona akitega sikio. Mwaka 1916 wavulana wawili walibatizwa na wamisionari Wakomboni wa Kitgum. Mmoja aliitwa Daudi Okelo, mwingine Jildo Irwa. Katekista wa mahali paitwapo Paimol alipofariki, Daudi aliomba atumwe kujaza nafasi yake. Jildo akafuatana naye kama msaidizi. Daudi alikuwa na umri wa miaka kumi na sita hadi kumi na minane, Jildo kati ya kumi na miwili na kumi na minne. Kwa vipimo vya leo, mmoja angekuwa anakaribia kumaliza shule ya upili na mwingine hajaingia.

Walifanya nini huko? Alfajiri Daudi alipiga ngoma kuwaita wakatekumeni kwa sala. Kisha wakawafundisha watoto sala na maswali ya katekisimu. Mchana walifanya kazi mashambani pamoja na wenyeji ili wasiwe mzigo kwa mtu, na jioni walisali rozari. Oktoba 1918, eneo lilipovurugika na kila kilichofika na wageni kikatiliwa shaka, walitakiwa waache kufundisha dini. Walikataa, wakauawa kwa mikuki. Papa Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza wenye heri tarehe 20 Oktoba 2002.

Kila mara tunapowasimulia vijana habari hizi tunakimbilia kifo. Tunafanya hivyo pia kwa Kizito na mashahidi wenzake wa Namugongo. Mimi naomba tukae zaidi kwenye ile ngoma ya alfajiri. Mvulana wa miaka kumi na kitu alipewa kijiji. Ngoma isipolia, hakuna sala. Asipofundisha, mtoto hajui Baba Yetu. Padri alikuwa mbali. Kijana huyo alikuwa na kazi halisi, yenye watu wanaoitegemea, na alikuwa na mwenzake wa kutembea naye. Nidhamu ile ya kila siku ndiyo iliyomfikisha mahali pa kusema hapana mwaka 1918. Nani leo angemkabidhi kijana wa umri huo kazi ya namna hiyo? Tunampa kushika mshumaa.

Historia ya upande wetu wa ziwa inatuonya pia, na nitaisema kwa heshima kwa sababu baadhi ya jamaa zetu wamo ndani yake. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, Simeo Ondeto na mama kijana, Gaudencia Aoko, wote wawili wakitoka katika Ukatoliki, walianza kuongoza vuguvugu lililokuja kuwa kanisa la Legio Maria. Aoko alikuwa amefiwa na watoto wake. Hakuwa na cheo chochote parokiani. Alitembea vijijini akisali, akibatiza, akiwaita watu waache uchawi, na makumi ya maelfu wakawafuata katika miaka michache tu, wengi wao Waluo waliobatizwa Katoliki. Leo Got Kwer, kule Migori, ni mahali pao patakatifu.

Sababu za mpasuko ule ni nyingi na wanahistoria wanazijadili: uponyaji, hofu ya uchawi, uongozi uliokuwa bado mikononi mwa wageni. Mimi nasisitiza moja. Kulikuwa na watu wenye karama na hamu ya kuhudumu, vijana na wanawake zaidi, na katika muundo wa parokia za wakati ule hapakuwa na mlango wa kuingilia. Wakatengeneza mlango wao.

Jambo la kutia moyo ni kwamba Kanisa lilijifunza, na lilijifunza karibu sana na hapa. Ng'ambo ya mpaka wa Migori, katika Parokia ya Nyarombo, Jimbo la Musoma nchini Tanzania, wamisionari Wamaryknoll na waamini Waluo walianza mwaka 1966 kujaribu vikundi vidogo vya majirani vilivyosali na kusaidiana. Waliviita chama. Mtafiti Marie-France Perrin Jassy alikuwa amechunguza makanisa huru ya Waluo wa Mara Kaskazini, akaona watu wanafuata nini huko: kikundi kidogo ambamo kila mmoja anajulikana kwa jina, na kila mmoja ana kazi. Miaka kumi baadaye, 1976, maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa kanda hii, walikutana Nairobi na kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa njia kuu ya kulijenga Kanisa katika Afrika Mashariki. Tunapokutana jioni kwa jirani, tukiwa na Biblia na mshumaa na kikombe cha chai, tunaendeleza jaribio ambalo Waluo walikuwa miongoni mwa wa kwanza kulifanya.

Basi jumuiya ndiyo mahali pa kumkabidhi mwanafunzi. Hapo ndipo panapojulikana nani mgonjwa, nani amefiwa, nani hana chakula. Lakini jumuiya zetu zimekuwa za akina mama na wazee. Kijana wa bweni hana jumuiya. Januari hadi Novemba yuko shuleni, na akija likizo hawamwiti, kwa kudhani kwamba amekuja kupumzika.

Kuna hadithi ambayo kila mtoto wa Kendu Bay ameisikia, ya Simbi Nyaima, ziwa lile la kreta hapo jirani. Usiku wa mvua bibi kizee alifika kijijini kulikokuwa na sherehe akaomba hifadhi. Walevi wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea, akamwotesha moto. Baadaye usiku ule kijiji kikazama na wote waliokuwamo, akapona yule aliyefungua mlango. Wazee wetu hawakuhitaji mmisionari kuwafundisha kwamba mtu hupimwa anapobishiwa hodi nyumbani kwake. Sherehe ilikuwa imejaa watu, na huenda ngoma zilipigwa vizuri sana. Nawaambia wanafunzi hadithi hii kila nipatapo nafasi, kwa sababu anayebisha hodi kwao hatakuja shuleni.

Na wanaobisha hodi katika kaunti hii tunawajua. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018, KENPHIA, ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya watano katika Homa Bay anaishi na virusi vya UKIMWI, ilhali kwa nchi nzima ni chini ya watu watano katika kila mia. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Homa Bay, na vivyo hivyo Migori, asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Kitaifa ni asilimia 15. Haya ndiyo mazingira ya utume wetu. Katika kila bweni kuna mwanafunzi anayemeza dawa za ARV akiwa amejifunika blanketi. Katika kila kijiji kuna msichana aliyeacha shule akiwa na mtoto mgongoni.

Mwanafunzi aliyeandaliwa kwa huduma anapaswa kujua la kufanya hapo, na kitu cha kwanza cha kumfundisha ni kutunza siri. Somo hili silioni mahali popote katika programu zetu. Tunafundisha kuimba sauti ya tatu na ya nne. Hatufundishi kunyamaza kuhusu ugonjwa wa mwenzako. Kijana akimwona rafiki yake akichukua dawa kwa matroni, afanye nini? Asiulize, asisimulie, asimwombee hadharani kwa kumtaja jina. Amkumbushe saa ikifika, kama mwenyewe amemruhusu. Hii ni huduma ya juu kabisa, na hakuna atakayempigia makofi.

Kuhusu yule msichana mwenye mtoto, nasema kwa uchungu. Mara nyingi tendo la kwanza la kikundi cha kanisa ni kumwondoa kwenye kwaya. Sera ya serikali inamruhusu arudi darasani. Itakuwaje wizara imfungulie mlango na kwaya ya kanisa imfungie? Wanafunzi wenzake wakimtembelea likizo, wawili wawili, wakampelekea daftari za masomo aliyoyakosa, wamefanya jambo ambalo mahubiri kumi hayalifanyi. Wavulana nao wafundishwe kwamba mimba ile ina baba.

Kendu Bay inatufundisha jambo jingine: hatuhudumu peke yetu. Wasabato walifika Gendia mwaka 1906, Arthur Carscallen akiwa pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, na hospitali yao imewatibu Wakatoliki wangapi wa hapa, hata sijui nianzie wapi kuhesabu. Waislamu wana msikiti wa zamani mjini. Ndani ya madarasa ya shule zinazofadhiliwa na Kanisa Katoliki wamo watoto wa madhehebu yote haya. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 27, inampa mfadhili wajibu wa kusimamia malezi ya kiroho, pamoja na kuweka kasisi wa shule kwa gharama yake, na papo hapo inamtaka alinde imani ya wengine. Ninayasoma maneno hayo kama msaada kwetu. Mwanafunzi Mkatoliki anayempokea mwenzake Msabato kazi ya Jumamosi, akaifanya yeye, amehudumu. Anayekwenda kuwasalimu majirani Waislamu wakifiwa amehudumu. Huduma inayowachagua Wakatoliki tu haimfuati Msamaria wa Injili.

Mabadiliko ya mtaala nayo yametufungulia nafasi tusiyostahili kuipoteza. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walipoingia Sekondari Pevu, huduma kwa jamii ni somo la lazima kwa wote, wawe wamechagua sayansi, masomo ya jamii au sanaa na michezo. Miaka nayo imepungua: tulizoea kukaa nao minne, sasa ni mitatu. Hofu yangu ni kwamba somo hili litageuka kuwa kuokota takataka sokoni siku moja na kupiga picha. Shule ya Kanisa ina kitu ambacho shule nyingine hazina, yaani jumuiya katika kila kijiji, zenye mwenyekiti, katibu na mahali pa kukutania. Tusipoziunganisha na somo hili, tutakuwa tumeacha hazina yetu wenyewe izikwe ardhini.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Kila mwanafunzi Mkatoliki anapofunga shule abebe barua ya kasisi wa shule kwenda kwa katekista wa kigango chake. Barua ya sifa haitufai hapa, bali ya kumkabidhi. Iseme anaitwa nani, amejifunza nini, na iombe apewe kazi moja ya likizo ambayo asipoifanya mtu atakosa kitu. Afundishe watoto wa komunyo ya kwanza kila Jumamosi. Aandike kumbukumbu na hesabu za jumuiya. Awasaidie wazee wasioona herufi vizuri kujisajili kwa simu katika bima ya afya ya SHA, bila kuitazama namba yao ya siri. Amsomee Injili ya Jumapili mzee asiyeweza kutembea hadi kanisani. Shule ikifunguliwa, kikundi cha YCS kikae na kila mmoja aeleze: uliona nini, uliamua nini, ulitenda nini, na ni wapi ulishindwa.

Ulinzi wa watoto hawa ni sharti, wala si jambo la kuongezwa baadaye. Hakuna mwanafunzi anayekwenda nyumba ya mtu peke yake. Waende wawili, mzazi akijua na ameridhia, katekista akijua saa ya kwenda na ya kurudi. Hakuna mtu mzima, awe mlei, mtawa au padri, anayebaki na mtoto faraghani kwa jina la utume. Fedha za jumuiya zisipite mikononi mwa kijana mmoja bila saini ya pili. Taratibu hizi zinamlinda anayehudumiwa na anayehudumu.

Makatekista, najua mnachofikiria. Mna vigango vingi, posho yenu ni ndogo au haipo, na sasa naja kuwaongezea vijana. Mnayo haki ya kulalamika. Papa Fransisko mwaka 2021, kwa barua yake Antiquum Ministerium, aliufanya ukatekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa, inayotolewa kwa ibada maalumu na askofu. Heshima hiyo lazima ifuatwe na msaada wa kweli kutoka parokiani, nami nawaambia mapadre hivyo hivyo hapa mbele yenu. Lakini fikirieni pia kwamba katekista aliyemtangulia Daudi Okelo kule Paimol alifariki, na nafasi yake ikapata mtu. Katika vigango vyetu vingi katekista ana miaka sitini na kitu. Nani anatembea naye sasa hivi akijifunza?

Nanyi wanafunzi, msingoje barua. Mkifika nyumbani, ulizeni jumuiya inakutana kwa nani wiki hii, mwende. Mkiambiwa mketi mpumzike kwa kuwa mmetoka shule, ombeni mpewe daftari la mahudhurio. Mtu akishika daftari hawezi kurudi kuwa mgeni.

Wakuu wa shule na makasisi, hatuhitaji kamati mpya wala bajeti. Kabla ya likizo ijayo orodhesheni wanafunzi wenu kwa kigango, mkianza na Gredi ya 10 kwa kuwa hao mna miaka mitatu nao. Barua iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Dholuo, lugha ambayo mwenyekiti wa jumuiya ataisoma mwenyewe. Chini yake iwekwe namba ya simu ya kasisi wa shule, ili katekista apige endapo wiki ya kwanza ya likizo itakwisha na kijana hajafika.